Kilalo cha Sebeya na Msitu wa Juu

Sisi tuliotoka Masisi na Rutshuru tunasema kilalo. Vitabuni na redioni wanasema daraja, na Wanyarwanda wanasema ikiraro, ambalo ni neno letu lilelile limevaa koti lingine. Naanza na neno kwa sababu mikutanoni neno linaweza kukupoteza. Mtu wa mradi akisema "miundombinu ya utalii", mama aliyekaa pembeni anajua ni habari za wageni, anarudi kwenye mazungumzo yake. Ukisema kilalo, anakugeukia. Kilalo ni nyanya kufika sokoni kabla hazijaoza. Kilalo ni mtoto kwenda shule mwezi wa nne, mvua ikiwa kali.

Sasa kule Rubavu vitu hivi viwili, utalii na kilalo, vimekutana juu ya mto mmoja.

Mwaka 2011 Rwanda ilizindua njia ya matembezi inayoitwa Congo Nile Trail, kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu mpaka Rusizi. Anayekwenda kwa miguu anahesabiwa siku kumi hivi, mwenye baiskeli tano. Jina limetoka kwenye mgongo wa milima unaogawa maji: mvua ya upande huu inakwenda mto Kongo, ya upande ule inakwenda Naili. Lakini ukiitazama njia yenyewe, sehemu kubwa haikuchimbwa upya kwa ajili ya mgeni yeyote. Ni njia za wakulima wa kahawa na chai, njia za watoto wa shule, barabara za vumbi ambazo watu walikuwa wanazipita tangu zamani, zikaunganishwa na kupewa jina. Mgeni mwenye mkoba mgongoni anapunga upepo palepale mama anapopita na gunia la viazi kichwani. Kilalo kikivunjika wote wawili wamekwama. Tofauti ni kwamba mgeni atapiga simu, gari itamzungukia.

Kwa hiyo wale wanaobishana eti tujenge kilalo cha watalii au cha wananchi, naona wanapoteza muda. Pale kijijini ni kilalo kimoja. Swali langu mimi ni lingine: kwa nini kinaondoka?

Mto Sebeya unaanzia juu Rutsiro, unashuka kupitia Kanama, Nyundo na Rugerero, halafu unaingia ziwani kusini mwa mji wa Gisenyi. Ukitoka mjini ukitaka kwenda kusini kando ya ziwa, lazima uuvuke. Kiangazi ni mto wa kawaida tu, watoto wanafulia nguo. Mvua ikipiga juu, unabadilika rangi kabla haujabadilika ukubwa: unakuwa mwekundu wa udongo, na wazee wakiona rangi hiyo wanaanza kutoa vitu ndani ya nyumba. Shule ya muziki ya Nyundo, ile iliyotoa waimbaji wengi wa Rwanda wa siku hizi, ilibidi ihamie Muhanga kwa sababu ya mto huu. Halafu ukaja usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130 Magharibi na Kaskazini mwa Rwanda, na Rubavu ilikuwa kati ya wilaya zilizoumia sana. Nyumba zilikwenda, barabara zilikatika, vilalo vikabebwa. Siku mbili hazikupita, ng'ambo ya ziwa hilohilo, Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, maji yakaua mamia ya ndugu zetu. Mpaka uko juu ya karatasi. Mawingu hayaonyeshi pasi.

Watu wanasema maji yana nguvu, basi, habari imekwisha. Lakini fundi atakwambia vizuri zaidi. Maji yanayokwenda kasi yanafukua chini ya nguzo, kidogo kidogo, mpaka nguzo inasimama juu ya hewa. Na yanaleta mizigo: magogo, migomba mizima, mawe, paa la nyumba ya mtu. Mizigo hiyo inakwama chini ya kilalo, inakigeuza kuwa ukuta, na mto mzima unakisukuma kifuani. Kilalo kifupi chenye nguzo katikati ya maji kinakufa hivyo. Unaweza kukijenga upya mara tatu kwa simenti nzuri, na kitakufa hivyohivyo.

Kuna kisa cha Ethiopia ambacho napenda kukisimulia. Juu ya Naili ya Bluu kulikuwa na daraja la mawe la karne ya 17. Miaka ya 1930, wakati wa vita na Waitaliano, tao moja lilivunjwa ili adui asivuke. Vita vikaisha, tao likabaki wazi. Watu wakaliita Sebara Dildiy, yaani daraja lililovunjika, na kwa miaka zaidi ya 60 walivuka kwa kuvutwa na kamba, mtu ananing'inia juu ya maji huku wanaume wa pande zote mbili wameishika. Picha yake ilitoka katika gazeti la National Geographic, na Mmarekani mmoja mkandarasi, Ken Frantz, akaiona. Akaanzisha shirika la Bridges to Prosperity, na mwaka 2002 pengo lile likazibwa. Hapo ungedhani hadithi imekwisha kwa furaha. Mwaka 2005 mafuriko yakalibeba. Ndipo wakarudi na akili nyingine: mwaka 2009 pakajengwa daraja la kuning'inia, la waya wa chuma, lililofungwa pande mbili za bonde, juu kabisa ya alama ya mafuriko. Halikuweka mguu ndani ya mto.

Ufundi huo si wa Marekani. Wanepali, wakisaidiwa na Waswisi, wamejenga vilalo vya namna hiyo kwa maelfu milimani kwao, na juu ya vilalo hivyo wanapita wapanda milima kutoka dunia nzima pamoja na mbuzi, wagonjwa na magunia ya chumvi. Shirika lile la Frantz lilikuja Rwanda pia, na leo nchi hii ya vilima elfu ina vilalo vingi vya waya. Serikali inatia fedha, wananchi wanabeba mawe na mchanga. Faida yake imepimwa. Wachumi wawili, Brooks na Donovan, walifuatilia vijiji vya Nikaragua kabla na baada ya kupata vilalo kama hivi, na wakaona kwamba palipokosa kilalo kipato kilishuka kila mto ulipofurika, na palipokuwa nacho kipato hakikutikisika. Si ajabu. Anayejua kwamba kesho atavuka anaweza kuahidi kazi, anaweza kupanda zao la kuuza.

Waya basi ni jibu zuri kwa maji. Kwa udongo hapana. Udongo mwekundu wa Sebeya unatoka wapi? Unatoka juu, na juu kulikuwa na Gishwati.

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo sisi wakimbizi tunapotajwa vibaya. Utasikia mtu anasema msitu wa Gishwati ulimalizwa na wakimbizi. Miaka ya 1970 msitu ule ulikuwa bado na hekta kama 28,000. Miaka ya 1980 ukaja mradi wa mifugo na misitu uliogharamiwa na Benki ya Dunia: miti ya asili ikakatwa, pakawekwa malisho ya ng'ombe wa maziwa na mashamba ya misonobari. Kipande kikubwa kiliondoka hivyo, kwa mhuri na saini, kabla ya sisi kuvuka. Kisha vita, kisha baada ya 1994 watu waliorudi baada ya miaka mingi ugenini, wengine wamekuja na ng'ombe wao, wakapewa au wakajitafutia mahali humo. Mtu hana nyumba, msitu upo, atafanya nini? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimebaki hekta kama 600. Kwa hiyo ndiyo, watu wasio na pa kukaa walikata miti. Lakini hawakuwa wa kwanza, na hawakuwa na mashine.

Juu ya mabonde yale mvua ilikuwa inashikwa na mizizi, inanyweka polepole, inatoka kijitoni baada ya siku kadhaa. Msitu ulipokwenda, mvua ya saa mbili ikawa mto wa saa mbili.

Mudende yenyewe iko upande mwingine wa wilaya, kaskazini-mashariki mwa mji, chini ya Karisimbi. Ni ardhi ya volkano. Wakimbizi wa Kongo waliotoroka mauaji ya Masisi waliwekwa huko 1996, karibu na majengo ya chuo kikuu cha Waadventista. Usiku wa tarehe 21 kuamkia 22 Agosti 1997 abacengezi walivamia kambi wakaua watu zaidi ya 100. Kambi haikuhamishwa. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Desemba wakarudi, na safari hiyo waliuawa zaidi ya 200. Waliobaki walipelekwa Byumba, juu ya kilima cha Gihembe. Wanaosoma haya wengi wana jina la mtu katika hesabu hiyo, sitaongeza.

Nataka niseme jambo moja tu juu yake. Kwa mtu wa Mudende, kutembea ni kwenda mahali: kwenye mgao, zahanati, kuni, au kukimbia. Kutembea bila kwenda mahali, kupunga upepo, kusimama juu ya kilalo na kutazama maji yakipita, hilo mtu analipoteza siku moja na halirudi haraka. Kwa hiyo sicheki nikisikia vijana wa Mahama wanasema wangependa siku moja kuifuata ile njia ya Kivu kwa miguu.

Na huko Gihembe, wengi wanakumbuka makorongo. Kilima kilijaa nyumba, maji ya mabati yote yakawa yanashuka pamoja, ardhi ikaanza kupasuka na kuliwa mpaka karibu na milango. Kambi ilifungwa 2021 kwa sababu hiyo, tukaletwa Mahama. Kwa hiyo somo la Sebeya hatukulipata kitabuni. Mara ya kwanza tulifukuzwa na watu, mara ya pili na maji ya mvua yaliyokosa cha kuyashika.

Rubavu nao wameanza kulishughulikia kutoka juu. Mwaka 2016 mabaki ya Gishwati na msitu wa Mukura yalitangazwa kuwa mbuga ya taifa, na 2020 UNESCO ikaiweka katika orodha yake ya hifadhi za viumbe. Sokwe wapo bado. Katika bonde la Sebeya, kwa fedha za Uholanzi na kazi ya IUCN pamoja na mamlaka za maji za Rwanda, watu wamechimba matuta, wamepanda mianzi kandokando ya mto, wamerudisha miti mashambani. Baada ya 2023 zikaongezwa kuta za kuzuia mto. Mwanzi hauna sherehe ya kukata utepe, na picha yake haipendezi kama ya kilalo kipya chenye bendera. Wafadhili mnaosoma gazeti letu, mnajua ninachosema. Lakini ningekuwa na mfuko mmoja wa fedha kwa ajili ya njia ile ya matembezi, ningeanza kuutumia juu Rutsiro, nikishuka na maji, na nikifika kwenye kilalo ningekuta kazi ndogo: waya, mbao, na ngazi mbili za mawe.

Ukitoka Gisenyi leo, watembezi wote wanageuka kusini na ziwa. Hakuna kibao kinachomwelekeza mtu kaskazini-mashariki, Mudende. Wanaokwenda kule kutazama mahali walipolala watu wao wanachukua moto mjini na kumwelekeza dereva wenyewe.