Utawa na Uwakili katika Bara Hindi

Katika Bara Hindi ya karne ya 19, wanawake wengi wa nyumba za heshima, Wahindu na Waislamu, walitawa. Hawakuonekana na wanaume wasiokuwa jamaa zao, na neno lao lilimfikia hakimu kwa kinywa cha mtu mwingine. Mjane wa namna hii aliweza kuachiwa mashamba na vijiji, kisha akatia alama yake katika hati asiyoifahamu, aliyopelekewa nyuma ya pazia. Mahakama ilitambua hatari hiyo: aliyedai haki kwa hati ya bibi aliyetawa alipaswa kuthibitisha kwamba bibi huyo aliielewa na kuiridhia. Walakini nani angemweleza, ilhali mawakili wote walikuwa wanaume?

Haja hiyo ndiyo iliyomvuta Cornelia Sorabji katika sheria. Alizaliwa Nasik mwaka 1866, binti wa Mparsi aliyeingia Ukristo. Mwaka 1892 alifanya mtihani wa sheria Oxford, akiwa mwanamke wa kwanza kuufanya. Lakini chuo hicho hakikuwapa wanawake digrii mpaka mwaka 1920. Aliporudi kwao, elimu alikuwa nayo, ruhusa ya kusimama mahakamani hakupewa. Mwaka 1904 serikali iliyatambua manufaa yake, ikamweka Bengal kuwa mshauri wa wanawake waliotawa na mayatima ambao mali yao ilikuwa chini ya ulinzi wake. Hivyo aliingia katika vyumba vya ndani, ambamo wakili mwanamume hakuweza kutia mguu.

Mwaka 1916 Mahakama Kuu ya Calcutta ilimkatalia Regina Guha uwakili. Hoja zake hazikutoka katika Veda wala Kurani. Zilitegemea maneno ya sheria ya mawakili na mazoea ya mahakama za Kiingereza. Mwaka 1921 Mahakama Kuu ya Allahabad ilimkubali Sorabji, na sheria ya mwaka 1923 ikaliondoa katazo kwa wanawake wote.

Sorabji hakuwa mpinduzi. Aliutetea utawala wa Waingereza, wala hakupenda mila zivunjwe kwa haraka. Hata hivyo maisha yake yaonyesha jambo ambalo husahauliwa: utawa, uliodhaniwa kuwa adui wa mwanamke msomi, ndio uliomfanya wakili wa kike awe wa lazima, na mlango uliokawia kufunguka ulikuwa ule wa mawakili wenyewe.