Nondo Mchimba Majani

Chuma jani la mnyanya lenye baka jeupe, uliinue kwenye jua. Ngozi ya juu na ya chini ni nzima, nyama ya katikati imeliwa, na ndani yake unaona kivuli cha kiwavi na punje nyeusi za kinyesi chake. Mdudu wa namna hii ndiye tunayemwita mchimba majani.

Jina limeundwa kama mchimba kisima na mchimba madini. Mtu anaweza kulipinga kwa kuwa majani huchumwa, hayachimbwi. Mimi nalitetea. Tungesema "mla majani" tungemchanganya na panzi, alaye hadharani kuanzia ukingoni. Neno kuchimba linamweleza mkulima adui alipo: yumo ndani, na dawa inayoishia juu ya jani haimfikii.

Kasoro yake ni kwamba linataja kazi bila kutaja kabila. Wapo nzi pia ambao mabuu yao huchimba majani, ila wao huacha vijia vyembamba vya kupindapinda. Ndiyo maana tunatanguliza "nondo". Fundi ujenzi atafikiria vyuma, lakini nondo ndilo jina letu la kipepeo wa usiku, na hapa panalihitaji.

Kwetu anayejulikana zaidi ni Tuta absoluta, mzaliwa wa Amerika Kusini, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1917 kutokana na nondo wa Peru. Alifika Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 akaonekana Tanzania. Jike mmoja huweza kutaga mayai hadi 260. Wakulima wakamwita kantangaze, yaani "kanitangaze", na kweli shamba lililovamiwa halifichiki. Ni jina lenye uchungu wa waliopata hasara, lihifadhiwe. Ila ni la nondo huyu peke yake, haliwezi kubeba wachimba majani wote.

Limebaki neno "mmea mwenyeji", yaani mmea ambao mdudu anaishi na kula humo. Mwenyeji humkaribisha mgeni, na mnyanya haukumkaribisha yeyote. Hata hivyo neno linafaa, kwa sababu linatufanya tuulize: nyanya zikiisha, mgeni analala wapi? Analala kwa ndugu za mnyanya: kiazi mviringo, bilinganya, nyanya chungu, na mnavu uliojiotea pembezoni mwa shamba. Mkulima, ukimaliza kuvuna, ng'oa masalia ya minyanya uyateketeze, kisha ugeuze na majani ya ule mnavu umtafute mgeni.