Lo-fi Haikuanzia YouTube

Ukitaja lo-fi hapa Bumula, wengi wanamfikiria yule msichana wa katuni aliyevaa hedifoni, anaandika notsi usiku kucha na paka amekaa dirishani. Chaneli yake ni ya Ufaransa, na kabla ya 2021 iliitwa ChilledCow. Poa. Lakini huyo msichana amekuja mwishoni mwa hadithi, wasee.

Jina lenyewe ni la sauti isiyofanana sana na ile iliyopigwa. Mwaka wa 1979 TASCAM walitoa Portastudio, mashine ya kurekodi sauti nne, moja juu ya nyingine, kwa kaseti ya kawaida. 1982 Bruce Springsteen akatoa albamu ya Nebraska aliyoirekodi nyumbani kwa mashine ya aina hiyo, na mlio wa kaseti haukufutwa. 1986 William Berger wa redio ya WFMU, huko New Jersey, akaanzisha kipindi cha watu waliojirekodi nyumbani na kukipa jina la lo-fi.

Hip-hop iliingia kwa njia nyingine. SP-1200 ya 1987 ilibeba sekunde kumi hivi tu za sauti. Sasa utafanyaje? Maprodyusa walicheza santuri kwa kasi, wakaiingiza, kisha wakaipunguza mwendo ndani ya mashine. Uchafu ulioingia hapo ndio watu wakaupenda. J Dilla wa Detroit akaongeza lake: mara nyingi alipiga ngoma kwa vidole bila kuruhusu mashine inyooshe mapigo, yakawa yanayumba kidogo kama mtu aliyetoka kulala. Nujabes wa Tokyo akaleta utulivu wa jazi. Cheki hii: wote wawili walizaliwa tarehe 7 Februari 1974, na wote wamekufa.

Huku Magharibi, George Mukabi alikuwa anapiga omutibo miaka ya hamsini: gitaa kavu, sauti, na chupa ya Fanta ikishika mapigo. Alifariki 1963. Kwa masikio ya leo hiyo ni lo-fi kabisa, sivyo? Mimi nakataa. Dilla alichagua ule uchafu. Mukabi alipiga safi. Kuchakaa kulikuja baadaye.

Vivyo hivyo na kaseti za litungu ambazo wazee wetu wameweka kwa kabati. Huyo mzee alipokuwa amekaa uani akizikung'uta nyuzi, hakukuwa na shhhh yoyote. Kila kaseti ikinakiliwa kwa nyingine, shhhh inaongezeka, na mara nyingi karatasi yenye jina la mpigaji inabaki nyuma. Kwa hivyo ule mlio unakuonyesha wimbo umepitia mikono mingapi bila mtu kuuliza ni wa nani. Halafu sisi tunalipia programu ituwekee shhhh ya kubuni, tunaongeza mvua, tunaposti.

Ukitaka kutengeneza biti ya litungu, tengeneza, nitasikiliza. Ila anza na mzee mwenyewe au watoto wake: ni nani alipiga, mnaruhusu, tukipata pesa tunagawana vipi? Andika jina lake kabla hujakata hata kipande kimoja. Na uhamishe kaseti yote, si zile sekunde nane unazotaka, kwa sababu utepe unazidi kuoza humo kabatini. Unahitaji redio-kaseti inayofanya kazi, waya kutoka tundu la hedifoni, na kompyuta. Kaseti ya dakika 60 inachukua dakika 60.