MIKONO YA BILLY CANNON — 2

ILIPOISHIA WIKI ILIYOPITA:
Ni usiku wa Oktoba 31, 1959, katika uwanja wa Tiger, mjini Baton Rouge, Louisiana. Katika mpira wa Kimarekani, timu ya chuo ya LSU iko nyuma 3–0 dhidi ya timu ya chuo ya Ole Miss, na robo ya mwisho inayoyoma. Jake Gibbs wa Ole Miss ameubutua mpira juu na mbali. Kocha wa LSU, Paul Dietzel, ana amri moja: ukidondokea ndani ya yadi 15 za kwetu, uacheni. Mpira unadunda. Billy Cannon, kijana wa LSU mwenye jezi namba 20, ananyoosha mikono…

SASA ENDELEA…

Aliudaka.

Aliudaka kwenye mstari wa yadi 11, pale pale alipokatazwa. Adui wakamvamia kama nyuki. Mmoja akamkamata, akachoropoka. Mwingine akamkumba, akayumba, akasimama, akazidi kukata mbuga. Saba walipata nafasi ya kumwangusha. Wote saba wakabaki nyuma. Aliambaa na ukingo wa kulia, yadi 89, karibu mita 81, mpaka mwisho wa uwanja.

LSU 7, Ole Miss 3.

Kazi haikuwa imekwisha. Sekunde za mwisho, Ole Miss walifika hatua chache tu kutoka mstari wa bao, na Cannon huyo huyo alikuwa miongoni mwa waliomzuia mbeba mpira. Desemba alikabidhiwa tuzo ya Heisman, heshima kuu ya mchezaji wa chuo nchini Marekani. Aliyemkabidhi ni Makamu wa Rais, Richard Nixon.

Msomaji wangu, jina kama hilo lingetosha kumlisha mtu maisha yake yote. Cannon hakutaka kuishi kwa jina. Akiwa bado anacheza mpira wa kulipwa, msimu ukiisha alirudi darasani, akasomea udaktari wa meno Tennessee. Baadaye akaenda Chicago kubobea katika kunyoosha meno, kisha akafungua kliniki nyumbani, Baton Rouge.

Hebu itazame kazi hiyo kwa karibu. Daktari hugandisha vibanio vidogo juu ya meno ya mtoto, akapitisha waya mwembamba, akaukaza. Kisha anasubiri. Jino haliburuzwi. Husogea taratibu, kiasi cha milimita moja kwa mwezi, mfupa ukiyeyuka upande mmoja na kujijenga upande wa pili. Ukiharakisha, unaharibu mzizi.

Mikono iliyouvuka uwanja mzima kwa pumzi moja sasa ilihesabu milimita. Na iliweza! Wazazi walimletea watoto wao, watoto wakaondoka na tabasamu lililonyooka. Laiti hadithi ingeishia hapo.

Lakini nje ya kliniki, uwekezaji wake katika ardhi na majengo ulikwenda kombo. Madeni ya kamari nayo yakarundikana. Fedha ya meno huja kwa mwendo wa jino. Deni halina subira hiyo. Na Cannon, aliyeshangiliwa na taifa zima kwa kudaka alichokatazwa, akanyoosha mikono tena.

Julai 1983, maofisa wa Secret Service, kikosi kile kile kinachomlinda rais na kuwasaka watengeneza noti bandia, walimfikia. Safari hii hakukuwa na ukingo wa uwanja wa kuambaa nao. Daktari akakubali kuwaonyesha mahali.

Palikuwa nyuma ya nyumba aliyokuwa akiipangisha. Ardhi ilipofukuliwa, yakatokea madeli, yale ya kubebea barafu na vinywaji watu wanapokwenda kutazama mpira.

Hayakuwa na barafu.

Ndani yalibeba nini, kwa kiasi gani? Na mlango upi wa gereza ulikuwa ukimsubiri daktari huyu, si mara moja, bali mara mbili?

ITAENDELEA WIKI IJAYO