Ramani ya Kurudi Nyuma

Historia ya uwajibikaji haimo katika katiba peke yake. Mimi huisoma pia katika historia ya kompyuta.

Programu kubwa hutegemea maktaba za pamoja, yaani mafungu ya maelekezo yanayotumiwa na programu nyingi. Hitilafu ikizuka ndani ya maktaba moja, programu hurudi nyuma hatua kwa hatua, ikisafisha ilichoacha wazi, hadi ifike mahali palipoandaliwa kuipokea. Ramani ya safari hiyo huandikwa na kompaila. Linka huziunganisha ramani hizo na kuzipangia faharasa.

Zamani, katika mfumo wa GCC, kila maktaba iliweza kubeba nakala yake ya msimamizi wa safari hiyo, na kila msimamizi akawa na daftari lake. Hitilafu iliyovuka mpaka wa maktaba iliweza kuangukia kwa msimamizi asiyeijua njia, na programu nzima ikakatishwa. Toleo la 3.0, lililotoka Juni 2001, lilileta libgcc ya pamoja: msimamizi mmoja kwa wote.

Tuzingatie, ndugu wasomaji, kwamba ramani zilikuwapo tangu awali. Kilichokosekana ni mahali pamoja pa kuzisoma. Ndivyo yalivyo malalamiko ya mwananchi yanayovuka idara tatu, kila moja na daftari lake. Karani anaposema, "Faili hilo halipo kwetu," huenda anasema kweli tupu. Na hapo ndipo haki ya mtu inapopotea pasipo mwongo hata mmoja.