Siri ya Mtungi: Tarehe ya Faragha, kutoka Barua ya Msafara hadi Simu Janja

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Maji yakiwa safi au yakiwa na tope, yakiwa tele au yakiwa yamebaki tone, mpita njia hawezi kuyajua hayo kwa kuutazama mtungi kwa nje. Ajuaye ni ile kata izamayo ndani kila siku na kurudi juu imejaa. Methali hii haikusemwa ili kuilaumu kata, kwani bila ya kata hakuna anywaye. Ilisemwa ili kukumbusha kwamba kila chombo kitumikacho ndani ya nyumba huwa ni shahidi wa nyumba hiyo. Zama hizi chombo kilichoingia ndani mno katika maisha ya mtu ni simu ya mkononi; na ndani ya simu hiyo imo kata isiyoonekana kwa macho, nayo ni mfumo wa uendeshaji pamoja na huduma zake zifanyazo kazi usiku na mchana bila ya kuitwa.

Kabla ya kuitazama kata hiyo, yafaa kutazama maneno. Lugha ya Kiswahili haina uhaba wa maneno ya jambo hili. Tuna siri, ambayo ni habari iliyofichwa. Tuna sitara, ambayo ni stara ya mwili na ya heshima. Na tuna faragha, neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya uwazi na nafasi tupu, kisha likatua kwetu na maana ya mahali ambapo mtu yu peke yake na mambo yake. Nyumba za mwambao zilijengwa kwa kuyafuata maneno hayo. Nje palikuwa na baraza kwa kila ajaye, kisha ukumbi, kisha vyumba vya ndani; na kila hatua ilikuwa na hodi yake. Hodi si sauti tu. Ni kukiri kwamba mwenye nyumba ana haki ya kunyamaza, na kwamba kimya chake hakihesabiwi kuwa ni karibu.

Mawasiliano ya mbali yaliitia adabu hiyo majaribuni tangu kale. Mnamo 1879 waya wa simu wa chini ya bahari uliotoka Aden ulifika Unguja, na kwa mara ya kwanza habari ya Zanzibar iliweza kufika Ulaya siku ile ile. Mwaka huo huo Wabelgiji walianzisha kituo cha Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo imo ndani ya Mkoa wa Katavi. Kati ya ncha hizo mbili palikuwa na mguu wa mpagazi. Barua ya Karema ilipita Tabora, ikashuka pwani kwa mwendo wa wiki nyingi, imekunjwa na kufungwa, mikononi mwa watu ambao wengi wao hawakuweza kuisoma. Kutojua kusoma kwa mchukuzi kulikuwa ni aina ya kufuli. Simu ya waya haikuwa na kufuli hilo. Mwenye kuipeleka alikuwa ni karani aliyelisoma kila neno kabla ya kuligonga, na ndipo watu wakajifunza kuandika kwa mafumbo.

Hata karatasi nayo haikusalimika. Mnamo 1892 mtaalamu wa Kijerumani Carl Büttner alichapisha mjini Berlin mkusanyiko wa barua na hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ili wanafunzi wake wapate kujifunza mwandiko na lugha. Kitabu hicho ni hazina kubwa kwa wanaotafiti nathari ya Kiswahili ya karne ya kumi na tisa, na hapana wa kubisha faida yake. Lakini kinatufundisha pia jambo la pili: kwamba maneno yaliyoandikwa kwa haja moja huweza kukusanywa na kutumiwa kwa haja nyingine, mbali na pale yalipoandikwa. Hiyo ndiyo asili ya mas'ala yote ya taarifa binafsi, nayo ilikuwapo kabla ya umeme kufika majumbani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili tawi la reli lilijengwa kutoka Kaliua hadi Mpanda kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, na barua za magharibi zikapanda gari moshi. Dola huru ilipokuja, sheria nayo ilichelewa kidogo. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano kwa mabadiliko ya 1984, na Ibara ya 16 ikatambua hifadhi ya nafsi ya mtu, maisha yake binafsi, maskani yake na mawasiliano yake. Katiba ya Zanzibar ya 1984 ikaweka hifadhi kama hiyo katika Ibara yake ya 15. Walioandika ibara hizo walikuwa na bahasha akilini, na simu ya mezani, na mlango wa nyumba. Walikuwa wakimwambia mwenye mamlaka asifungue kisicho chake. Hawakuweza kukijua chombo ambacho mwenyewe angekinunua kwa fedha zake, akakichaji kwa umeme wake, nacho kikawa kinapeleka habari zake kwa mtu wa tatu asiyemjua.

Simu za mkononi ziliingia Tanzania katika muongo wa 1990. Mobitel ilianza 1994, na Zantel ikafuata visiwani 1999. Simu za mwanzo zilijua machache: namba zilizopigwa, majina yaliyohifadhiwa, na ujumbe mfupi. Kampuni ya simu ilijua mnara uliopokea mawimbi. Basi. Usajili wa laini ulianza 2009, ukatiwa nguvu na Sheria ya Mawasiliano ya Elektroniki na Posta ya 2010. Kisha, kuanzia Mei 2019, kila mwenye laini alitakiwa kuisajili upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Tangu hapo namba ya simu si namba tena. Ni mtu, jina lake na kidole chake.

Wakati huo huo jambo jingine lilikuwa likipikwa mbali. Google iliinunua kampuni ndogo iitwayo Android mnamo 2005. Apple ikaitoa iPhone 2007. Na simu ya kwanza ya Android ikauzwa 2008. Mfumo wa uendeshaji ni ile programu mama inayoviamrisha vioo, kamera, kipaza sauti na redio za simu, na kuzigawia programu nyingine ruhusa ya kuvitumia. Android yenyewe ni mfumo ulio wazi, ambao mtengenezaji yeyote aweza kuuchukua bila ya malipo. Lakini kuanzia 2012 Google ilitoa huduma zake maalumu zinazokaa juu ya mfumo huo, na mambo mengi yanayoifanya simu iitwe janja yakahamia huko: kujua mahali, kupokea taarifa za programu, kutambua akaunti ya mwenye simu, na kumpa namba ya utambulisho wa matangazo. Programu nyingi haziendi sawasawa bila ya huduma hizo. Hivyo basi, mfumo hutolewa bure, na huduma ndizo zinazorudi na maji.

Uadilifu wataka isemwe kwamba huduma hizi si uovu mtupu. Chukua mkulima wa mpunga wa Mwamkulu, kata ya Manispaa ya Mpanda. Huduma hizo ndizo zinazomwonya kuhusu programu yenye madhara, ndizo zinazomwezesha kuitafuta simu iliyopotea, na ndizo zinazomwonyesha njia anapokuwa mgeni katika mji. Ili kujua mahali alipo, simu haitegemei satelaiti peke yake. Husikiliza minara na mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu, ikapeleka majina yake kwenye hazina ya kampuni, na kurudishiwa jibu. Swali basi si kwamba kata ichote au isichote. Swali ni kiasi gani, kwa ajili ya nani, na je, mwenye mtungi amejua?

Kuhusu kujua, miaka ya karibuni imetoa ushahidi wa kutosha. Mnamo Novemba 2017 iligunduliwa kwamba simu za Android zilikuwa zikiipelekea Google anwani za minara ya simu hata pale huduma ya mahali ilipokuwa imezimwa. Kampuni ilikiri na kusema inaacha. Agosti 2018 ikadhihirika kwamba kuzima kumbukumbu ya mahali hakukuzuia mahali kuhifadhiwa, kwa kuwa palikuwa na swichi ya pili yenye jina jingine. Kwa jambo hilo Google ilikubali, Novemba 2022, kuyalipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5. Na 2021 Profesa Douglas Leith wa Trinity College Dublin alizipima simu zilizolala bila ya kuguswa, ambazo mwenyewe alikuwa amekataa kila kilichowezekana kukataliwa. Aliona kwamba za Android na za Apple, zote mbili, zilizungumza na watengenezaji wao kila baada ya dakika nne na nusu kwa wastani; na kwamba Google ilipokea data ya simu mara ishirini hivi kuliko Apple. Google ilibisha vipimo hivyo, ikasema kwamba ndivyo zifanyavyo kazi simu za leo, kama magari ya kisasa yanavyopeleka habari kwa viwanda vyake. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio unaotisha.

Hata hivyo, kwa mtu wa Mwamkulu jeraha halikuja kwanza kutoka Dublin wala California. Lilikuja kwa njia ya mkopo. Katika matoleo ya zamani ya Android, aliyetaka kuweka programu alitakiwa akubali ruhusa zake zote kwa mkupuo au aiache. Ni kuanzia toleo la 6, la 2015, ndipo mfumo ulipoanza kuuliza ruhusa moja moja wakati wa haja. Lakini hata kuuliza huko hakukumkinga mwenye shida. Programu za mikopo ziliomba kusoma orodha ya majina yaliyomo simuni, na mwenye njaa ya fedha ya mbolea au ada ya mtoto akabonyeza kukubali. Alipochelewa kulipa, ujumbe ulikwenda kwa mkwewe, kwa mwalimu wa watoto, kwa jirani na kwa watu wa kazini: fulani ni mdaiwa. Hapo siri ikavunjika, na sitara ikavuliwa hadharani. Zaidi ya hayo, majina yale hayakuwa mali ya mkopaji. Watu mamia waliingizwa katika deni wasilolikopa kwa sababu tu namba zao zilihifadhiwa kwa wema.

Hatua zilichukuliwa, ingawa kwa kuchelewa. Kuanzia mwisho wa Mei 2023 Google ilizikataza programu za mikopo binafsi zilizomo dukani mwake kusoma majina na picha za watumiaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila ya kutimiza masharti. Tazama jinsi zamu zilivyogawanyika: benki kuu inatoa tangazo, lakini mlango wenyewe unafungwa na mwenye mfumo wa uendeshaji. Mamlaka ya kuruhusu na kuzuia yamehamia mahali ambapo hapana mbunge wala kadhi.

Sheria za Afrika Mashariki zimeanza kulifuata jambo hilo. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data 2019. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Julai 2025 ofisi ya Uganda inayosimamia taarifa binafsi iliamua, kwa malalamiko ya raia wanne, kwamba Google imeivunja sheria ya nchi hiyo, ikaipa siku 30 ijisajili. Ni hukumu ndogo kwa kampuni kubwa, lakini ni mara chache raia wa kawaida wa upande wetu wa dunia kumwuliza mwenye kata amechota nini.

Yote haya yanasimama juu ya neno moja, nalo ni neno la washairi zaidi ya mafundi. Mnamo Januari 2019 mamlaka ya Ufaransa iliitoza Google faini ya euro milioni 50 kwa namna akaunti zilivyofunguliwa katika simu za Android. Hoja yake ilikuwa kwamba maelezo yalitawanywa kurasa nyingi, mengine yakihitaji hatua tano au sita kuyafikia, na kwamba visanduku vya idhini vilikuwa vimekwisha kutiwa alama kabla mtu hajatia. Kwa Kiswahili hoja hiyo husemeka kwa wepesi, kwa sababu lugha yetu hutofautisha kukubali na kuridhia. Kukubali kwaweza kuwa kwa mdomo, kwa kidole, kwa shida, au kwa kuchoka. Ridhaa ni ya moyo uliojua. Sheria mpya zinataka ridhaa. Kioo cha simu kinauliza kukubali tu. Kati ya maneno hayo mawili ndimo alimo mkulima wa Mwamkulu, kidole kimeinuliwa juu ya kioo, na hakuna aliyempigia hodi.