Jukwaa la Bendi la Forodhani ni Mali ya Nani?

Umati unaofurika bustani ya Forodhani, Unguja, kila jioni kufuata urojo, mishkaki na juisi ya miwa hulizunguka jukwaa ambalo wachache hulitazama mara mbili. Hapo, katikati ya bustani, ndipo bendi ya Sultani ilipokuwa ikiwapigia watu muziki. Bustani yenyewe ilipewa jina la Jubilii mwaka 1936, Sultani Sayyid Khalifa bin Haroub alipotimiza miaka 25 ya utawala chini ya himaya ya Waingereza. Ni rahisi basi kulihukumu jukwaa hilo kuwa pambo la watawala waliokwisha kuondoka. Hukumu hiyo inamtaja aliyejenga na kumsahau aliyesikiliza.

Muziki wa Unguja ulikuwa na milango. Taarab ilianzia kwenye kasri la Sultani Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, na hata kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kilipoundwa mwaka 1905, kilikuwa klabu yenye wanachama wake. Bendi ya Sultani, iliyokuwa na wapigaji Wagoa, ilipiga nje, na sauti ya tarumbeta haiulizi mtu kabila wala cheo. Waswahili hawakusimama tu kushangaa. Tangu miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa walizichukua mbinu za bendi za kijeshi wakaunda beni, ngoma yenye vyeo, sare na mashindano, na vyama vya Marini na Arinoti vikaisambaza pwani na bara. Mpaka leo harusi ya Unguja huipata beni yake: tarumbeta mbele, ngoma nyuma, na wanawake waliovaa kanga za sare wakicheza katikati ya barabara.

Mtu atasema kwamba beni ilitangulia bustani ya Jubilii kwa takribani miaka 40, kwa hiyo jukwaa halikumfundisha mtu kitu. Ni kweli, na ndiyo hoja yangu. Bendi ya Sultani ilipopanda pale iliwakuta wasikilizaji wenye masikio yao, waliokwisha kuugeuza muziki wa wakubwa kuwa wao. Mwingine atauliza kwa nini tutunze alama ya ukoloni. Tunachotunza ni haki ya kusikiliza bila tiketi, na haki hiyo haina budi kuwa ya wananchi, yeyote aliyeianzisha.

Bustani ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan ikafunguliwa upya mwaka 2009. Hatua mbili kutoka hapo, sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020, tukaona gharama ya kuchelewa kukarabati. Lakini saruji na rangi peke yake hazilihifadhi jukwaa la muziki. Wanaoisimamia Forodhani wawaite beni, vikundi vya taarab na wanafunzi wa muziki wapande hapo mara kwa mara, bure, jioni watu wanapokuwa wengi.